Petroli Chini ya Visima Vyetu

Kabla ya pampu kufunguliwa asubuhi, mtu wa zamu katika kituo cha mafuta huinua kifuniko cha chuma kilicho sakafuni, huteremsha fimbo yenye alama hadi chini kabisa ya tangi, kisha huivuta na kusoma petroli imefika wapi. Ncha ya fimbo huwa imepakwa dawa inayobadilika rangi ikikutana na maji. Rangi ikigeuka, siku imeharibika. Injini za wateja zitazima njiani, na meneja atataka kuelezwa mvua ilipitia wapi.

Marehemu baba yangu aliishika fimbo hiyo Bungoma, kwenye barabara ya Malaba, kuanzia 1971 hadi miguu ilipomchoka. Aliniachia madaftari yake. Kurasa za mwanzo zina galoni, za baadaye lita. Kila siku ina mstari wake: kilichokuwamo jana, kilicholetwa na lori, kilichouzwa, kilichobaki, na mwishoni safu aliyoiandika kwa kalamu nyekundu, "Pungufu". Pungufu hilo lilikatwa kwenye mshahara. Walisema dereva wa lori ameiba, au jua limekausha, au kijana wa usiku amejaza mtungi wake. Katika madaftari yote hayo hakuna mstari unaouliza kama petroli imeingia ardhini.

Nami niliyekulia nyuma ya kituo hicho sasa ninaishi Kitale, na kazi yangu ni kuchota sampuli za maji ya visima. Nikiyasoma madaftari ya baba kwa jicho la kazi hii, jambo moja linanikaa rohoni. Kwa takriban karne nzima tumepima kwa bidii maji yaliyoingia kwenye mafuta, kwa sababu yalileta hasara. Mafuta yaliyoingia kwenye maji hatukuyapima. Ilhali tundu linaloingiza maji tangini wakati wa masika ndilo linalotoa petroli wakati wa kiangazi.

Petroli haikuanza kwa kuzikwa. Ilifika Trans Nzoia ikiwa kwenye madebe. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, serikali ya kikoloni iliwagawia mashamba askari wa Kizungu waliotoka vitani, kwa mpango ulioanza mwaka 1919, na wengi wakapewa nyanda hizi zilizo kati ya Mlima Elgon na milima ya Cherangani. Hapakuwa na reli. Mizigo ilishuka Londiani na kupanda kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe, kwenye tope lililoweza kulishika gari siku nzima. Mafuta yalisafiri katika madebe ya galoni nne, mawili mawili ndani ya sanduku la mbao. Tawi la reli lilipofika Kitale mwaka 1926, madebe na mapipa yakazidi, maana sasa palikuwa na matrekta, mashine za kusaga na malori ya kupeleka mahindi stesheni. Debe lililokwisha mafuta halikutupwa. Lilichotea maji, lilipimia mahindi, likapasuliwa na kunyooshwa likawa mlango au kiraka cha paa.

Kwa habari ya kisima, debe lilikuwa na heri moja. Likivuja, doa lilionekana na harufu ikasikika, na mwenye mali akakimbia kuliokoa. Hasara na uchafu vilikuwa mahali pamoja, mbele ya macho.

Magari yalipoongezeka, mafuta yakashushwa ardhini. Sababu ilikuwa njema. Tangi lililozikwa halishiki moto kwa urahisi, wala halichukui nafasi ya gari. Lakini yale matangi ya zamani yalikuwa ya chuma cha ukuta mmoja, yamepakwa lami kwa nje, na mabomba yake yaliungwa kwa nati. Huku kwetu mvua huanza Machi au Aprili na kuendelea hadi karibu Oktoba, na chuma kinacholala kwenye udongo mbichi miezi saba ya mwaka hakina budi kuliwa na kutu. Mara nyingi bomba hutangulia kuvuja kabla ya tangi, hasa kwenye maungio, ambako lori zito likipita juu kila siku hulegeza nati kidogo kidogo. Tone moja kwa sekunde haliwezi kuonekana kwa fimbo ya asubuhi. Linapotea ndani ya safu ya "Pungufu".

Bungoma ilipata matangi mengi kwa sababu ya barabara. Mji wenyewe ulikua kando ya reli ya Uganda iliyopita hapo katika miaka ya 1920, na baadaye malori mengi yaliyokwenda Kampala, Kigali au mashariki ya Kongo yalipita Webuye na Kanduyi kuelekea Malaba. Wakati wa magendo ya kahawa ya Chepkube mpakani, mwaka 1976 na 1977, baba alisimulia, magari yalipanga foleni hadi usiku na matangi yakajazwa tena kabla hayajakauka. Kitale ilikuwa na matangi ya aina nyingine pia, yale ya mashambani. Mashamba makubwa ya walowezi, na baada ya uhuru yale ya Shirika la Maendeleo ya Kilimo, yalikuwa na dizeli na petroli yao. Mengi ya mashamba hayo yamekatwa viwanja. Juu ya ua ambapo trekta lilijazwa mafuta leo kuna nyumba za kupanga, na katikati ya nyumba kuna kisima.

Sasa niseme kilichokuwa ndani ya petroli yenyewe, maana hapa ndipo watu wengi hunikatiza na kusema mafuta ni mafuta. Siyo. Petroli ni mchanganyiko, na kila kizazi kimeongezewa kitu chake.

Cha kwanza kilikuwa risasi. Mwaka 1921, katika maabara ya kampuni ya General Motors huko Marekani, Thomas Midgley aligundua kuwa kiasi kidogo cha kemikali yenye risasi kinaituliza injini isigonge. Mwaka 1923 ikaanza kuuzwa. Mwaka 1924 wafanyakazi watano wa mtambo wa Bayway, New Jersey, walikufa kwa sumu yake wakiwa wamerukwa na akili, na bado ikaendelea kuuzwa duniani kote. Petroli iliyotoka kwenye mtambo wa kusafisha mafuta wa Changamwe, uliofunguliwa mwaka 1963, ilikuwa na risasi. Hivyo matangi yaliyozikwa Kitale na Bungoma yalibeba petroli yenye risasi kwa miongo mingi, hadi nchi za Afrika kusini mwa Sahara, zilizokubaliana Dakar mwaka 2001, zilipoiacha kufikia Januari 2006. Nchi ya mwisho duniani ilikuwa Algeria, Julai 2021, na tangazo la kumalizika kwake lilitolewa na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Gigiri, Nairobi.

Watu walishangilia, na walikuwa na haki. Lakini risasi haikuwa peke yake kwenye ile petroli. Ingeachwa hivyo ingeganda ndani ya injini, kwa hiyo iliandamana na kemikali nyingine ya kuisukuma nje pamoja na moshi. Inaitwa ethilini dibromidi, na wapimaji huifupisha EDB. Udongo wetu mwekundu wenye mfinyanzi huishika risasi, isiende mbali na mahali ilipomwagika. EDB haishikiki hivyo. Huyeyuka majini, husafiri nayo, na inaweza kudumu miaka mingi chini ya ardhi palipo baridi na giza. Shirika la Afya Duniani limeiwekea kikomo cha muda cha sehemu 0.4 kati ya bilioni katika maji ya kunywa. Huko Albuquerque, Marekani, chini ya kambi ya jeshi la anga ya Kirtland, uvujaji uliogunduliwa mwaka 1999 umeacha mkondo wa EDB ndani ya maji yanayotegemewa na jiji, na kazi ya kuusafisha imechukua miaka kwa miaka. Kwa hiyo mtu akiniambia kuwa habari ya petroli ya risasi ilikwisha mwaka 2006, humjibu kuwa ilikwisha kwenye pampu. Kwenye kisima ni lazima ipimwe kwanza.

Kiongezo cha pili kilikuwa chetu wenyewe. Kuanzia 1983 hadi 1993 Kenya ilichanganya petroli na pombe kali iliyotengenezwa kwa molasi ya miwa huko Muhoroni. Mafuta yalikuwa ghali, miwa ilikuwepo, na wazo lilikuwa la busara. Pombe yenyewe humalizwa haraka na vijidudu vya ardhini. Shida ni kwamba vijidudu hivyo huipenda pombe kuliko kitu kingine. Huanza nayo, humaliza hewa ya oksijeni iliyomo majini, na benzini iliyokuwa iliwe nao huachwa isafiri mbali zaidi. Watafiti wa Florianópolis nchini Brazil, taifa linaloendesha magari kwa pombe ya miwa kuliko wengi, wamelionyesha jambo hili kwa majaribio ya miaka mingi. Benzini husababisha saratani ya damu.

Cha tatu ni MTBE. Wamarekani waliitia kwenye petroli kuanzia 1979 kuchukua nafasi ya risasi. Ni kemikali inayoyapenda maji mno, haishikwi na udongo, na vijidudu huila kwa shida. Inapotoka tangini hutangulia mbele ya sehemu nyingine zote za petroli. Mwaka 1996 jiji la Santa Monica, California, lilifunga visima vilivyolipatia karibu nusu ya maji yake kwa sababu ya MTBE, na mwaka 1999 gavana wa jimbo hilo akaamuru iondolewe. Jambo hilo linatuhusu kwa njia ya meli. Mtambo wa Changamwe uliacha kusafisha mafuta mwaka 2013, na tangu hapo petroli yote tunayochoma huja ikiwa tayari, kwa wingi kutoka Ghuba, na Saudi Arabia ni miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa MTBE duniani. Sheli inayotuuzia lita moja inatutajia bei yake hadi senti. Yaliyomo ndani ya lita hiyo mnunuzi hatajiwi, wala mwenye kisima.

Na visima je, vilitoka wapi? Hii ni historia nyingine, iliyokwenda sambamba na ya matangi bila ya hizo mbili kuonana. Bungoma tulikunywa maji ya chemchemi kwanza, kila ukoo na chemchemi yake, na wanawake ndio walioitunza. Mwaka 1981 ukaja mradi wa Kenya na Finland, ule uliojulikana kama KEFINCO, ukafanya kazi katika Mkoa wa Magharibi hadi miaka ya 1990. Walichimba visima, wakafunga pampu za mkono, wakajengea chemchemi, wakafundisha kamati za maji, nyingi zikiwa na mama mweka hazina. Katika vijiji vya Bungoma hadi sasa utaelekezwa njia kwa kuambiwa "ukifika Kefinko, pinda kushoto." Mafunzo yale yalikuwa mazuri. Kisima kiwe mbali na choo, kiwe juu ya mteremko kuliko boma la ng'ombe, maji yaliyomwagika yasirudi ndani. Kila mtu aliyechimba kisima baada yao ameyashika. Nimewasikia mafundi wa visima Kiminini na Kimilili wakihesabu hatua kutoka chooni kwa makini kabisa, kisha wakachimba nyuma ya ukuta wa kituo cha mafuta. Siwalaumu. Hofu ya zama zile ilikuwa kuhara na kipindupindu, na ilikuwa hofu ya kweli.

Hata macho ya wapenda mazingira yalikuwa kwingine. Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilipokuwa kikifanya kazi, harufu yake iliwafikia wasafiri ndani ya basi, na mto Nzoia ukabadilika rangi. Kila aliyezungumza juu ya uchafuzi alizungumza juu ya mto. Mto unaonekana.

Kitale ilichimba visima kwa haraka zaidi baadaye. Watu waliokimbia mapigano ya mwanzo wa miaka ya 1990, na tena wale wa 2008, walinunua vipande vya futi hamsini kwa mia pembeni mwa mji. Maji ya bomba yalikuja siku fulani na siku nyingine hayakuja. Fundi, kamba, ndoo na siku kadhaa za jasho, na nyumba ikawa na maji.

Miaka kadhaa nyuma, kukhu (nyanya) mmoja wa mtaa wetu wa Bungoma, jirani wa marehemu mama, aliniita. Kisima chake kilikuwa cha futi kama 40. Alisema kila Aprili, mvua zikianza, chai yake inanuka mafuta ya gari. Watoto wake walidhani ni uzee. Majirani walidhani kuna mtu aliyemwaga mafuta kisimani kwa chuki, na kulikuwa na ugomvi uliokaribia kufika kwa chifu. Nikanusa ndoo, sikuwa na la kubisha. Petroli ni nyepesi, hukaa juu ya maji ya ardhini. Kiangazi maji yakishuka nayo hushuka, ikishikamana na udongo njiani. Mvua zikirudi maji hupanda na kuuosha udongo huo, harufu ikatoka. Kukhu alikuwa ameipima kwa pua yake misimu kadhaa, kwa tarehe, bila kukosea.

Kuipima kimaabara ni kazi ya subira. Unatoa kwanza maji yaliyolala kisimani, mara tatu ya ujazo wake ukiweza, ili uchote yanayotoka mwambani. Unajaza vichupa vya mililita 40 polepole, hadi juu kabisa, kisha unavipindua kuangalia. Kikiwa na kiputo kimoja cha hewa, kimwage uanze upya, kwa kuwa benzini itakimbilia ndani ya kiputo hicho na maabara itasoma maji safi. Unaviweka kwenye barafu na kupanda basi la usiku kwenda Nairobi, safari ya karibu kilomita 380 kutoka Kitale, boksi likiwa miguuni. Majibu ya kisima cha kukhu yalionyesha benzini juu ya sehemu 10 kati ya bilioni, kikomo cha Shirika la Afya Duniani. Kituo kilichokuwa juu ya mteremko kilijibu kuwa wao ni wapangaji wapya na matangi waliyakuta. Kisima kilifunikwa kwa zege. Kukhu akarudi kununua maji kwa mitungi, na hakuna aliyemlipa hata senti.

Jibu la wapangaji wale ninalisikia mara nyingi, nalo lina mizizi katika historia ya biashara yenyewe. Mabango ya barabarani yamebadilika: Caltex ilinunuliwa na Total mwaka 2009, Kenol na Kobil zikanunuliwa na Rubis mwaka 2019, na vituo vidogo vya watu binafsi hubadilisha rangi kila mkataba unapokwisha. Hakuna ubaya biashara ikiuzwa. Ubaya ni kwamba rangi hupakwa upya na daftari la tangi halirithiwi. Vituo vingine vimegeuzwa maduka au makanisa, na chini ya sakafu chuma bado kiko.

Sheria tunazo. Sheria ya mazingira ni ya 1999, kanuni za ubora wa maji zilitolewa 2006, na Katiba ya 2010 katika kifungu cha 43 inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Tunajua pia gharama ya kuchelewa, kwa kuwa tumeiona Makueni. Mwezi Mei 2015, bomba la mafuta la Mombasa hadi Nairobi, lililokuwa likifanya kazi tangu 1978, lilivuja huko Thange. Mafuta yaliingia mtoni na visimani. Mashamba ya mboga ya wakulima yalikauka, na wanywaji wa visima vile wakaanza kuhesabu maradhi. Mwaka 2025, miaka kumi baadaye, mahakama iliamuru walipwe mabilioni ya shilingi. Thange ilipata mahakama kwa sababu bomba lilikuwa moja, mwenyewe alijulikana, na mafuta yalionekana kwa macho. Mitaa yetu ina vivujio vidogo vya wamiliki wanaobadilika. Mwaka 2018 na 2019, malori yaliyobeba mafuta ghafi ya Turkana yalipopita Kitale kwenda Mombasa, watu walijaa wasiwasi na mikutano ikaitishwa. Mafuta yale ni ya nta, huganda yakipoa. Yangemwagika yangezolewa kwa koleo. Wasiwasi ule wote ungefaa zaidi kituo cha mafuta kilicho jirani na kisima.

Ninachodai si kikubwa. Mirija mitatu ya uangalizi kuzunguka kila kituo, mmoja juu ya mteremko na miwili chini, ipimwe benzini, MTBE na EDB kabla ya mvua na baada yake, na majibu yabandikwe ukutani penye bei. Serikali za kaunti za Bungoma na Trans Nzoia zichore ramani ya matangi yote ya zamani, pamoja na yale ya mashamba ya walowezi, wakati wazee walioyajaza wangali hai wa kuonyesha mahali. Nchini Marekani wenye matangi walipewa miaka kumi, hadi Desemba 1998, wayafanye yasivuje au wayafunge. Sisi muda kama huo hatujaanza hata kuuhesabu.

Nawe unayesoma, ukiwa unataka kuchimba kisima mjini, waulize majirani wa zamani palikuwa na nini hapo kabla hujampa fundi malipo ya kwanza. Ikiwa maji yako yananuka petroli, usiyachemshe. Kuchemsha huua vijidudu, lakini petroli huigeuza mvuke ndani ya jiko ulimoketi na watoto, na dawa ya klorini haiigusi kabisa. Acha kuyanywa na kuyaogea siku hiyo hiyo, andika tarehe uliyoisikia harufu, na upeleke barua kwa NEMA, mamlaka ya mazingira, ya kaunti yako na kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji, ofisi ya Kakamega. Weka nakala iliyogongwa muhuri.